Gitaa la Kwanza la Pedali: Nunua Linalorudi

Mimi ni fundi wa cherehani. Duka langu liko Nakuru, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimeshona sare za shule, suti za harusi na majoho ya kwaya. Cherehani ya kiwandani ina kanyagio chini, na pembeni ina kijiti unachokisukuma kwa goti la kulia ili kuinua kile kiatu cha chuma kinachokandamiza kitambaa. Mikono inaongoza nguo, mguu unatoa mwendo, goti linainua na kushusha. Siku nilipoketi mbele ya gitaa la pedali kwa mara ya kwanza, mwili wangu ulielewa kabla ya kichwa.

Wengi wenu mmelisikia gitaa hili maisha yenu yote bila kulijua jina. Ile sauti inayolia nyuma ya mwimbaji wa country, ikipanda polepole kutoka noti moja hadi nyingine bila kukatika, ndiyo hiyo. Marehemu baba yangu alikuwa na redio ya betri kule Njoro, na Jumapili jioni Don Williams akianza kuimba, hakuna mtoto aliyethubutu kuongea. Mimi sikuwa nasikiliza maneno. Nilikuwa nasubiri kile kilio cha nyuma. Na asikuambie mtu kwamba ni chombo cha wazungu peke yao: King Sunny Adé wa Nigeria alikiingiza katika muziki wa juju, kikipigwa na Demola Adepoju, na kikakaa pale kama kilizaliwa Lagos.

Lina miguu minne kama meza. Nyuzi ziko juu, nawe unaketi mbele yake. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma kizito, cha mviringo, badala ya kubana nyuzi kwa vidole. Mkono wa kulia unadonoa kwa kucha mbili za chuma na moja ya plastiki kwenye dole gumba. Mguu wa kushoto unakanyaga pedali, magoti yote mawili yanasukuma nyenzo zinazoning'inia chini, na mguu wa kulia unaendesha pedali ya kuongeza na kupunguza sauti. Kila pedali na kila wenzo huvuta au kulegeza nyuzi fulani, noti ikabadilika huku bado inalia.

Vijana wanaonisikia kwenye harusi huniuliza, "Mama, la kwanza ninunue gani?" Wanataka nitaje kampuni. Mimi huwaambia wanunue linalorudi.

Gitaa langu la kwanza nililinunua kwa picha. Lilikuwa limeng'arishwa, mbao zake nyekundu kama chai ya rangi, na aliyeniuzia kutoka ng'ambo aliniapia kwamba ni zima. Lilipofika nilianza kujifunza usiku baada ya kufunga duka. Nikikanyaga pedali, noti ilipanda vizuri. Nikiachia, haikushuka hadi pale ilipotoka. Ilibaki juu kidogo, upana wa unywele tu, lakini ukipiga pamoja na kinanda cha kanisani, huo unywele unasikika hadi mlangoni. Miezi saba niliamini kwamba kasoro ni sikio langu. Nilikaribia kuacha. Siku moja nikaligeuza kichwa chini, jinsi ninavyogeuza cherehani inayoruka mishono, nikaona fimbo moja imepinda inasugua mwenzake, na mahali nyuzi zinapovutwa pamejaa grisi ya zamani iliyokauka ikashikana na vumbi. Nilinyoosha, nikasafisha, nikaweka tone la mafuta. Uzi wa nne ukarudi kwenye E, mara ya kwanza, mara ya kumi. Nililia pale sakafuni, kwa furaha na kwa uchungu wa ile miezi saba.

Mpigaji mzoefu akikutana na gitaa la namna hiyo atajua dakika ya pili kwamba chombo kinamdanganya. Mwanafunzi hana namna ya kujua. Kila noti mbaya ataihesabu kuwa yake. Ndiyo sababu nasema mwanafunzi anahitaji chombo kinyoofu kuliko bingwa.

Sasa tuje kwenye hesabu ya nyuzi na pedali, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Tafuta gitaa la shingo moja, nyuzi 10, pedali 3 na nyenzo 4 za goti, lililofungwa kwa mtindo wa E9, yaani nyuzi zake zimekazwa kwa noti za mtindo huo. Huo ndio mtindo wa Nashville, mji wa muziki wa country kule Marekani, na karibu mafunzo yote utakayoyapata yanauzungumzia. Kutoka uzi wa kwanza, ule ulio mbali nawe, hadi wa kumi, noti ni F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B. Pedali ya A hupandisha B zote mbili hadi C#. Pedali ya B hupandisha G# zote mbili hadi A. Ukikanyaga A na B pamoja bila kusogeza chuma, umetoka kwenye kodi (chord, noti kadhaa zinazolia pamoja) ya E ukaingia kwenye kodi ya A. Pedali ya C hupandisha uzi wa 4 hadi F# na wa 5 hadi C#. Kati ya nyenzo za goti, mbili hazina mjadala: ile inayopandisha E hadi F, na ile inayoshusha E hadi D#. Bila hizo mbili utafika mahali fulani katika masomo na kukwama.

Hapo ndipo yale magitaa ya zamani ya wanafunzi yanapowakwamisha watu. Maverick ya Sho-Bud, kwa mfano, ni jina utakalokutana nalo mara nyingi katika yaliyotumika, na ilikuja na pedali 3 na wenzo 1 tu. Ni rahisi, ni nzuri kwa macho, lakini unanunua nusu ya masomo. Carter Starter ilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi ikiwa na pedali 3 na nyenzo 4. Kampuni yake ilishafunga, ila magitaa yenyewe bado yanauzwa mkono kwa mkono. GFI, Mullen, MSA na Emmons ni majina ya kuheshimiwa, na likipatikana moja kwa bei unayoiweza, zima, usilale juu yake. Magitaa ya shingo mbili yaache kwanza. Shingo ya pili hufungwa kwa mtindo mwingine, C6, ina pedali zake, na kwa mwanzo itakuwa uzito wa kubeba tu. Nimebeba la shingo mbili, ndani ya sanduku lake, kutoka barabarani hadi ukumbi wa harusi Lanet. Hukaribia kilo 30, na mgongo wangu haujasahau.

Utasikia pia habari za mpangilio wa Emmons na mpangilio wa Day, kwa majina ya wapigaji wawili wa gitaa hili, Buddy Emmons na Jimmy Day. Tofauti ni kwamba kwa Emmons pedali zinakwenda A, B, C kutoka kushoto, na kwa Day zinakwenda C, B, A. Wengi hutumia Emmons. Chukua huo, usonge mbele.

Nitawaeleza jinsi ya kulikagua kwa safari niliyoifanya Kisumu. Kijana mmoja anayepiga kinanda katika kanisa la huko alipata habari ya mzee aliyekuwa anahama nchi na kuuza gitaa lake la pedali. Akanipigia simu: "Mama, nisaidie macho." Nikapanda matatu asubuhi, Mau Summit ikiwa na ukungu bado, tukateremka Kericho kati ya mashamba ya chai, na kufikia saa tano nilikuwa Kisumu nimevua sweta.

Gitaa lilikuwa sebuleni, limesimamishwa tayari. Jambo la kwanza nililomwambia kijana ni kwamba tulishushe, tulifunge, kisha tulisimamishe wenyewe. Muuzaji akilisimamisha kabla hujafika, huwezi kujua mguu upi hauingii vizuri. Tulifungua miguu minne. Skurubu zote zilishika. Tukahesabu zile fimbo zinazounganisha pedali na mwili wa gitaa: zilikuwa mbili, na pedali ni tatu. Mzee akasema ya tatu ilipotea walipohama nyumba. Hilo halikunitisha. Fimbo ya pedali ni chuma chembamba chenye kulabu, na fundi wa jua kali akiwa na ile nyingine mkononi kama kielelezo anaweza kuitengeneza ukimsubiri. Kinachonitisha ni vipande vya kumiminwa, vile vya rangi ya kijivu iliyofifia katika magitaa ya zamani. Hivyo hupasuka, na vikipasuka havichomeleki. Nilipitisha kidole kwenye kila kimoja nikiwa na tochi ya simu. Hakukuwa na ufa.

Tukalilaza kifudifudi juu ya blanketi. Chini ya gitaa la pedali ndiko kwenye gitaa lenyewe. Ukibana pedali kwa mkono, unaona nondo inazunguka, viwiko vidogo vya chuma vinavuta fimbo ndefu, na fimbo zinavuta vidole vya chuma vilivyoshikilia nyuzi upande wa kulia. Nilimwambia kijana abane moja moja huku mimi nikiangalia. Fimbo yoyote inayogusa nyingine, inayotetemeka ovyo, au inayochelewa kurudi, utaiona kwa macho. Shika kila wenzo wa goti, uutikise kando. Ukicheza kama jino la mtoto wa miaka sita, umechakaa.

Halafu tukalisimamisha, nikatoa simu yenye programu ya kupima noti. Hapa ndipo nataka msome polepole.

Donoa uzi wa 5 bila kukanyaga chochote. Angalia sindano ilipo, usijali kama haiko katikati. Kanyaga A, achia, donoa tena. Sindano irudi palepale. Fanya hivyo mara kumi. Kisha uzi wa 3 na wa 6 kwa pedali ya B. Baada ya hapo nenda kwenye nyuzi za 4 na 8, kwa sababu hizi hupandishwa na wenzo mmoja na kushushwa na mwingine, na hapo ndipo uongo wa gitaa hujificha. Pandisha uzi wa 4, achia, soma sindano. Ushushe, achia, soma sindano. Kama baada ya kupandisha inarudi sehemu moja na baada ya kushusha inarudi sehemu nyingine, utapigana nalo kila siku. Likiwa chafu tu, litasafishika. Vidole vya chuma vikiwa vimelika, mwachie mwenyewe.

Kipimo cha mwisho: kanyaga A na B kwa pamoja huku ukidonoa uzi wa 4, ambao pedali hizo haziugusi kabisa. Utaona umeshuka kidogo. Magitaa karibu yote hufanya hivyo kwa sababu mbao zinajipinda pale nyuzi zinapovutwa. Nafasi kati ya freti mbili, ile mistari ya kuonyesha noti chini ya nyuzi, imegawanywa senti 100, na kushuka kwa senti chache ni kawaida. Ikipita 10, mimi huondoka.

La Kisumu lilipotea senti 4. Nyuzi zote zilirudi isipokuwa wa 8, uliochelewa kidogo, na nilipomulika niliona kutu nyekundu kwenye kidole chake. Hewa ya ziwani ina unyevu, na gitaa lilikaa karibu na dirisha. Nilimwomba mzee ruhusa, nikatoa kichupa cha mafuta ya cherehani ambacho hakikosekani kwenye mkoba wangu, nikaweka tone moja kwa ncha ya sindano, tukakanyaga na kuachia kama mara hamsini. Ukarudi. Mzee alinyamaza akitutazama, kisha akasema hajasikia E hiyo ikiwa safi tangu mkewe afariki. Kijana alilipa kwa M-Pesa palepale.

Mafuta ya cherehani, narudia, si mafuta ya gari wala grisi. Tone moja. Ukizidisha, vumbi linakusanyika, na sisi wa Nakuru vumbi tunalijua. Funika gitaa kwa shuka kila unapomaliza. Ukiishi Kisumu, Homa Bay au Busia, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila usiku, kwa sababu kutu huanza kwenye nyuzi kabla ya kuingia ndani.

Kuhusu kuagiza kutoka nje: Marekani, gitaa la mwanafunzi lililotumika, lenye pedali 3 na nyenzo 4, huwa karibu dola 1,000 na kuendelea, na jipya la fundi mwenye jina hupita dola 3,000. Juu ya hiyo weka usafirishaji wa mzigo wa chuma, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 16. Piga hesabu yote kabla ya kutuma hata shilingi. Mwombe muuzaji video, si picha: akanyage kila pedali, asukume kila wenzo, huku kipima noti kikionekana, na akuonyeshe chini. Anayekataa kupiga video ya dakika tano ana sababu yake.

Gitaa lenyewe halitumii stima, kwa hiyo halina shida kuvuka bahari. Amplifaya ina shida. Marekani stima ni volti 120, huku kwetu ni 240. Nilinunua amplifaya nzuri ya Kimarekani, nikabadilisha plagi tu, nikachomeka. Ilinuka plastiki iliyoungua, moshi ukatoka, na ikawa mwisho wake. Nunua amplifaya hapa hapa, hata ile ya kinanda, ilimradi itoe sauti safi isiyokwaruza. Hiyo inatosha kabisa kwa mwanzo.

Vitu vidogo usivisahau kwenye bei: kipande cha chuma cha mkononi, kile cha kawaida cha nyuzi 10 kina kipenyo cha inchi 7/8 na uzito wa gramu 200 hivi, kucha zako, pedali ya sauti, na nyuzi. Uzi wa 3 ni mwembamba, unene wa inchi 0.011, umevutwa hadi karibu na mwisho wake, na ndio utakaokatika mara nyingi. Ukikatika usisubiri mzigo kutoka ng'ambo. Nenda duka la vyombo vya muziki, nunua pakiti ya nyuzi za gitaa la umeme inayoanzia 11. Ndani yake kuna 0.011 kwa uzi wa 3, na 0.014 kwa uzi wa 4.

Kiti kina thamani kuliko watu wanavyodhani. Mimi ni mfupi, na mwaka mzima nilipiga nikiwa juu ya kiti cha plastiki, magoti yakigonga nyenzo nisizozikusudia. Kaa, weka mguu wa kushoto kwenye pedali, chukua futi ya fundi upime: paja liwe sambamba na sakafu au literemke kidogo, na goti liwe na nafasi ya vidole viwili kila upande kabla ya kugusa wenzo. Fundi wa mbao akukatie stuli kwa kipimo hicho. Vaa viatu vya soli nyembamba, maana mguu mmoja utakanyaga A na B kwa pamoja, kisha uinuke upande mmoja na kuacha nyingine chini. Buti hairuhusu.

Na kama pesa haijafika, usikae bure. Chukua gitaa la kawaida, inua nyuzi pale kichwani kwa kipande cha chuma au mfupa ili zisiguse freti, lilaze mapajani, zifunge D, A, D, F#, A, D kutoka nene hadi nyembamba, kisha telezesha chuma. Mkono wa kushoto utajifunza kazi ngumu kuliko zote, kusimama juu kabisa ya mstari wa freti, si nyuma yake wala mbele. Yule kijana wa Kisumu alifanya hivyo miezi minane kabla ya kumpata mzee, na alipoketi kwenye lile gitaa, mkono wake ulikuwa tayari.

Siku utakayolipata lako, usianze na wimbo. Weka chuma freti ya 3, donoa nyuzi za 4, 5 na 6. Hiyo ni G. Kanyaga A na B taratibu huku zinalia, umefika C. Achia. Sogea freti ya 5 ukiwa umekanyaga A na B, hiyo ni D. Rudi ya 3, achia pedali. Kwa kodi hizo tatu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi za kwaya yako. Pita hapo polepole hadi saa ya kulala, na kila unapoachia pedali sikiliza kama D imerudi D na B imerudi pale ulipoiacha.